Ufunguo wa Lango la Ziwani

Swali langu lilikuwa moja, tena dogo: simu aliiona, au hakuiona? Nilikaa nalo tangu mazishi. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikapigilia nalo misumari. Mimi ni fundi wa makochi, na misumari yangu midogo huwa naibana mdomoni nikifanya kazi, kwa hiyo mtu akija karakana kunipa pole nilikuwa na sababu ya kutojibu. Naitikia kwa kichwa, napiga nyundo. Watu wakasema masikini, amejikaza. Sikujikaza. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, mwili mzima. Hata kidole nikikigonga kwa nyundo nilikiangalia kwanza nione kama ni changu.

Nieleze jambo lenyewe, maana wengi wanalijua nusu.

Mtaa wetu uko kando ya ziwa, na hospitali kubwa iko ng'ambo. Giza likiingia, taa zake unaziona kutoka dirisha la jikoni kwangu. Kwa boti ni karibu. Kwa barabara inabidi uzunguke ziwa lote, na barabara yenyewe ilitengenezwa vizuri pale tu ambapo wakubwa walisimama kukata utepe. Zamani mtu akizidiwa, dereva wa boti anaamshwa, mnavuka. Halafu wakaja wale wa Mamlaka ya Ziwa na mipango yao. Wakavuta uzio mpaka ndani ya maji, wakajenga gati la mbao, wakaweka lango la chuma, boti zote zikaingizwa ndani zikafungwa. Tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Hakuna kitu nilichowahi kunyang'anywa na wakubwa bila kuambiwa ni kwa usalama wangu.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Giza likiingia, mlinzi anafunga lango, kisha anautumbukiza ufunguo kwenye kitundu cha mlango wa ofisi ya meneja. Waliweka hivyo ili mlinzi asishawishike kuwafungulia rafiki zake usiku. Na mlango wa ofisi ufunguo wake ni mmoja, anatembea nao meneja. Huyo meneja ndiye sisi tunamwita Mkubwa.

Usiku ule kifua kilimbana mke wangu. Pumu alikuwa nayo miaka yote, tulizoeana nayo kama mpangaji msumbufu, lakini usiku ule dawa yake ya kuvuta haikusaidia kitu. Mimi na mdogo wake tulimbeba kwenye kiti mpaka langoni. Dereva wa boti akaja mbio na kaptura ya kulalia. Mlinzi akampigia Mkubwa simu mbele ya macho yangu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Niliisikia kwa masikio yangu ikiita. Nikaokota jiwe nikaligonga kufuli mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Kufuli la wakubwa ni kufuli kweli. Mwisho tukaomba pikapu ya jirani, tukazunguka kwa barabara. Mke wangu aliishia kwenye kona ya machimbo ya mawe, kichwa kikiwa kwenye paja la mdogo wake. Kutoka pale taa za hospitali unaziona chini yako, ungesema unaweza kuzirushia jiwe.

Kwenye msiba Mamlaka wakaleta shada la maua na vijana wawili wenye mashati meupe. Wakasema Mkubwa anasikitika sana, kwa bahati mbaya simu yake usiku ule ilikuwa imezimwa. Nikawaambia ilikuwa inaita. Wakatazamana, wakasema mtandao, mzee, mtandao siku hizi unasumbua. Nikaenda ofisini kwake. Karani akasema Mkubwa yuko kwenye kikao. Nikarudi siku nyingine, yuko kwenye kikao. Kikao hicho mimi nadhani mpaka leo hakijaisha.

Basi, nikabaki na swali langu. Kama alikuwa amelala, amelala. Mtu akilala hana habari. Lakini kama aliiona, nilitaka aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Sikutaka kitu kingine.

Siku moja mchana shemeji yangu akaja karakana. Huyu ndiye mdogo wa marehemu, ni msusi, mdomo haukauki maneno kama vidole vyake visivyokauka mafuta. Akavuta kanga yake akajibwaga kwenye kochi ambalo nilikuwa sijalimaliza.

"Usikalie hapo," nikasema kwa upande wa mdomo usio na misumari. "Hilo halina sponji."

"Nikae wapi sasa? Karakana nzima haina pa kukaa, na mtu anajiita fundi wa makochi."

"Simama."

"Nimesimama tangu asubuhi kwenye kichwa cha mtu." Akajisogeza springi zikalia. "Shemeji, mwezi ukiwa mzima kundi letu linaingia ziwani. Safari hii unakuja."

Kundi lenyewe nililijua. Ni watu wazima wenye kazi zao, kila mwezi ukijaa wanakwenda kupiga makasia usiku usiku kwa raha zao. Wana kayaki, vile vyombo vyembamba vya mtu mmoja ambavyo unaingiza miguu kama unavaa soksi, na wana mitumbwi ya plastiki ya watu wawili. Anayewaongoza ni mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni hata akienda sokoni.

"Sina haja na mwezi," nikasema.

"Mwezi nao hauna haja na wewe. Wewe njoo tu, ukae na watu."

Nikapiga msumari. Nikapiga mwingine.

"Tangu dada aondoke umekuwa kama hili kochi," akasema. "Mbao na springi."

"Na wewe umelikalia."

Akacheka, akafuta jicho kwa nyuma ya kidole. "Dada alikuwa anasema utani wako ni kama makochi yako. Unafika, lakini umechelewa."

Ni kweli alikuwa anasema hivyo. Nikasubiri nione kama itaniuma. Haikuniuma. Nikachukua msumari mwingine.

"Mkubwa naye atakuwepo," shemeji akasema. Alikuwa anaangalia dari. "Amealikwa kama mgeni rasmi. Wanataka apigwe picha ndani ya mtumbwi, ionekane ziwa ni la wananchi."

Nikatema misumari yote kiganjani.

"Lini?" nikauliza.

*

Tulifika langoni jua bado liko juu ya maji. Lango lilikuwa wazi, limeegemezwa kwenye uzio, kufuli likining'inia kwenye mnyororo wake. Lilikuwa ni lilelile. Ubavuni lina alama nyeupe pale nilipolipiga na jiwe. Nililishika nikaligeuza, halafu nikaliachia.

Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake. Huyu tunamwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari. Mguu wake mmoja uliharibika zamani, anachechemea.

"Fundi," akasema.

"Afande."

Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Mimi sina ugomvi naye. Alipewa amri, na sehemu yake aliifanya: alipiga simu. Ugomvi wangu uko juu zaidi.

Mwalimu alitukusanya gatini, akatuvalisha majaketi ya kuelea, akatupa taa ndogo za kufunga nyuma ya chombo. Alitoa maelekezo yake kama yuko paredi.

"Tunakwenda pamoja, hakuna kukimbizana. Tukifika katikati, tunaungana. Vyombo vyote bega kwa bega, kila mtu anashika ukingo wa jirani yake, taa zinazimwa, tunakaa kimya mpaka nipulize filimbi. Usiachie ukingo wa mwenzako kabla ya filimbi. Ukiachia, kundi linakatika, watu wanaelea huko gizani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na jambo lingine. Maji yakitulia hayafichi sauti. Ukinong'ona huku, wa mwisho kule anasikia kama umemwambia sikioni. Safari iliyopita mtu alimsema mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa kwenye kayaki ya tatu."

Watu wakaangua kicheko, na mwanamume mmoja mnene akasema, "Na mpaka leo nakula kwa majirani."

Hayo yote Mkubwa hakuyasikia. Alikuwa ameingia amechelewa na alikuwa mwisho wa gati anapigwa picha, kasia amelishika kama fagio. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Nilitegemea mtu mkubwa. Ni mtu wa kawaida, mfupi kidogo kwangu, kitambi kimembana kwenye jaketi, viatu vyake vizuri amevivua akavitia kwenye mfuko wa plastiki akaukumbatia kifuani. Aliwasalimia watu wote kwa mkono, mmoja mmoja. Aliponifikia akasema, "Shikamoo, mzee," kwa adabu kabisa. Nikaitikia, "Marahaba." Mkono wake ulikuwa laini na wa moto. Hakunijua.

Kwenye kundi lile, wasio na wenza wa mtumbwi hupangwa kwa vifuniko vya chupa. Mwalimu anavitia kwenye kofia yake, rangi mbilimbili, wenye rangi moja wanakaa pamoja. Mkubwa akachomoa cha bluu. Mimi nikachomoa chekundu. Shemeji akafungua kiganja chake, na mimi nikaona bluu.

Nikanyoosha mkono, kifuniko changu kikiwa juu ya vidole.

Akanitazama muda mrefu. Naye alikuwepo usiku ule. Kichwa kilikuwa kwenye paja lake.

"Unataka kumfanya nini?" akauliza polepole.

"Kumuuliza."

"Kumuuliza tu?"

"Kumuuliza tu."

Akanipa chake akachukua changu. "Usimzamishe, shemeji," akasema. "Nimekuja na nguo moja, sitaki kuruka majini kumtoa."

*

Kwenye mtumbwi wa watu wawili, wa nyuma ndiye anayeongoza. Nilijifunza palepale, Mwalimu akisimama kwenye maji ya magoti na kunipiga kiwiko kila nikikosea. Mkubwa alikaa mbele na mfuko wake wa viatu. Alipoingia mtumbwi uliyumba, akashika pande zote mbili akatulia kama mtoto anayepigwa sindano.

"Mzee, mimi na maji hatupatani," akasema bila kugeuka.

"Kaa katikati."

"Nimekaa katikati?"

"Umekaa."

Tukatoka. Vyombo vilikuwa vichache, labda vya kujaza uwanja mdogo. Makasia yaliingia na kutoka. Jua lilikwisha kuzama, na upande wa machimbo mwezi ukaanza kuchomoza, mkubwa, wa rangi ya machungwa, halafu ukawa wa njano, halafu ukapata rangi yake. Mwanamke mmoja kwenye kayaki akasema "Mungu wangu," taratibu. Mimi niliutazama. Niliona ni mviringo. Niliona njia yake juu ya maji imefika mpaka kwenye kasia langu, na kila nikilichovya njia inavunjika, nikilitoa inaungana. Nilijua ni kitu kizuri jinsi unavyojua jina la mtu ambaye humkumbuki.

Mkubwa alikuwa na maneno. Nadhani ni woga.

"Tuna mpango wa kuweka taa gati lote," akasema. "Na mgahawa pale mwisho. Watu wakae, wanywe chai, waangalie ziwa. Mzee wewe ni wa hapahapa?"

"Wa hapahapa."

"Unafanya shughuli gani?"

"Makochi."

"Vizuri sana. Mafundi ndio wanaojenga nchi." Akapiga kasia mara mbili hewani. "Na wananchi wanasemaje kuhusu gati? Niambie ukweli tu."

"Wanasema linafungwa."

"Usalama kwanza, mzee. Kabla ya lango, vijana walikuwa wanaogelea usiku, mmoja karibu azame. Angezama, wa kulaumiwa ni nani? Mimi."

Nilikuwa naangalia shingo yake. Nyuma ya shingo alikuwa na mkunjo, na chini ya mkunjo lebo ya jaketi imegeuka nje. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri kwa muda mrefu. Nikipigilia kochi, nayapanga. Mwanzo, katikati, mwisho, na mwisho wake ulikuwa mkali, wa kumfanya mtu asilale. Sasa niko nyuma yake kwa urefu wa kasia moja na nilichokuwa nafikiria ni kwamba ile lebo lazima inamuwasha.

Tulifika katikati. Mwalimu akainua mkono, vyombo vikasogeleana, plastiki ikagongana na plastiki. Watu wakashikana kingo. Upande wangu wa kulia nilishika kayaki ya yule mnene mwenye mama mkwe. Kushoto kwetu ulikuja mtumbwi wa shemeji. Alinyoosha mkono akashika ukingo wetu pale katikati, kati yangu na Mkubwa. Taa zikazimwa moja baada ya nyingine.

Kimya kilichokuja sikuwahi kukisikia. Matone yakidondoka kutoka kwenye kasia la mtu wa mbali, unayahesabu. Mtu alimeza mate, sikujua ni nani. Ng'ambo taa za hospitali zilikuwa zimewaka zote.

Nikaegemea mbele. Sikuwa nimepanga watu wasikie, wala sikuwa nimepanga wasisikie.

"Mkubwa."

"Naam, mzee." Naye alishusha sauti. Alidhani tunaongea wawili.

"Mke wangu ndiye yule aliyefia barabarani. Usiku lango lilipokuwa limefungwa."

Mabega yake yalisimama. Mfuko wa plastiki wa viatu ulilia kidogo mikononi mwake, halafu ukanyamaza.

"Mlinzi alikupigia simu," nikasema. "Mimi nilikuwa nimesimama pale. Waliniambia ilikuwa imezimwa, lakini niliisikia inaita. Nataka kujua kitu kimoja. Uliiona, au hukuiona?"

Nilisubiri. Nilishazoea kusubiri kwenye benchi la ofisi yake, na hapa angalau asingeweza kwenda kwenye kikao.

"Mzee," akanong'ona, "haya mambo tungeongea ofisini."

"Nilikuja ofisini."

Akageuza kichwa kidogo, nikaona shavu moja. Kisha akakirudisha mbele, akaongea kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo mtu huitumia akidhani hata mkewe hasikii.

"Niliiona."

Nikajirudisha nyuma.

"Ilikuwa namba ya Afande. Yule hunipigia kila mara. Mbwa ameingia, taa imeungua, vijana wanarusha mawe. Nilikuwa naangalia mpira. Ikaita, nikaigeuza kifudifudi mezani. Ikaita tena, nikaiacha iite. Nikasema kesho." Akavuta pumzi. "Asubuhi wakaniambia. Nikawaambia vijana waseme ilikuwa imezimwa. Sijamwambia mtu, mzee. Hata nyumbani sijasema. Ni wewe tu unajua."

Ni mimi tu. Kulia kwangu yule mnene alikuwa ameacha kupumua. Mbele yetu kwenye mwanga wa mwezi niliona kichwa kimoja kimegeuka, halafu kingine, halafu vyote. Kimya kilikuwa ndiyo kanuni, na watu wa kundi lile ni watu wa kanuni.

Mkono wa shemeji uliachia ukingo wetu. Niliuona ukifunguka. Mtumbwi wetu ukajitenga, maji meusi yakaingia katikati, upana wa kiganja, kisha wa viganja viwili. Mkubwa akahisi, akashika pande zote. Shemeji alikuwa anatazama mkono wake uliobaki hewani. Nilidhani atauacha hivyo. Halafu akajinyoosha, akaufikia ukingo, akautia vidole, akatuvuta tena.

Mimi nilikuwa natafuta ule mwisho mkali niliouandaa. Nilijua uko mahali. Nilipekua kama mtu anayepekua mifuko ya koti la zamani, na mifuko ilikuwa mitupu. Amesema. Kwa mdomo wake, kama nilivyotaka, na mbele ya watu, zaidi ya nilivyotaka. Nikasubiri kitu kije, hasira, au machozi, au hata ule uzito kushuka. Mbu alitua mkononi kwangu. Nikamwangalia akinywa.

"Mzee?" Mkubwa akanong'ona. "Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nisamehe."

"Shika kasia," nikasema. "Filimbi inakaribia."

*

Kurudi hakuna aliyeimba. Shemeji alinieleza baadaye kwamba huwa wanarudi wakiimba. Nadhani Mkubwa alianza kuelewa tulipokaribia gati, maana aliwatania watu wawili watatu na hawakumjibu. Nilishika mti wa gati kwa mikono miwili kuutuliza mtumbwi ili ashuke, kwa sababu hiyo ni kazi ya wa nyuma. Akavaa viatu vyake juu ya miguu iliyolowa. Watu walipandisha vyombo kwenye vichanja, wakavifunga, wakavifunika. Kisha wote tukaelekea nje.

Lango lilikuwa limefungwa.

Kufuli lilikuwa mahali pake, mnyororo umezungushwa vizuri. Upande wa pili Afande alikuwa amesimama na tochi yake, na uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

"Fungua," Mkubwa akasema.

"Ufunguo uko ofisini, Mkubwa."

"Ofisini kufanya nini?"

"Giza liliingia, nikafunga. Nikautumbukiza kwenye kitundu, kama ulivyoagiza." Afande akahamisha tochi mkono wa pili. "Nilidhani unao wa akiba."

"Hakuna wa akiba."

"Ndiyo, Mkubwa."

Mkubwa akamgeukia Mwalimu. "Hamkumwambia asifunge mpaka tutoke?"

"Huwa tunamwambia," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ya baridi na ya taratibu. "Kila safari namwambia mwenyewe. Leo nilidhani wewe umeshamwambia. Lango ni lako, amri ni yako, na uko humu ndani. Nani angekumbuka?"

Mtu nyuma akatoa mguno, labda kilikuwa kicheko, kikafia hapohapo. Mkubwa akaingiza mkono mfukoni, akatoa fungu la funguo, akazipitisha kati ya vyuma vya lango. Afande akazipokea. Akageuka akaanza kwenda kwenye ofisi, kule mwisho wa njia ya kokoto. Anachechemea, nimesema. Mguu mmoja unatangulia, mwingine unaburutwa, tochi inapanda na kushuka.

Tukasimama. Kundi zima, na majaketi yanachuruzika, mbele ya vyuma vya lango. Upande huu, siyo ule ambao mimi nilisimama na kiti. Hakuna aliyemsogelea Mkubwa. Palikuwa na nafasi imemzunguka, na yeye alikuwa katikati yake, na viatu vilivyolowa.

Shemeji alifungua chupa ya chai. Akamimina kwenye kifuniko, mvuke ukapanda kwenye mwanga wa mwezi, akanipa. Nikakishika kwa mikono miwili. Nikapuliza. Nikanywa kidogo, ikaniunguza ulimi, nikangojea ipoe.

Taa ya ofisi ikawaka. Ikazimika. Tochi ikaanza kurudi, inapanda na kushuka, mguu mmoja unaburutwa juu ya kokoto. Sikuwa nimewahi kuifikiria hiyo njia. Kwa muda wote ule niliifikiria simu, na jiwe, na barabara, na kona ya machimbo. Afande akafika, akatafuta ufunguo, akauingiza, kufuli likalia mara moja na kufunguka. Mnyororo ukateremka.

Nikanywa tena. Chai ilikuwa bado ya moto.

"Kumbe ni muda huu tu," nikasema.

Shemeji alinitazama. Nadhani naye alikuwa anaangalia ule mvuke. Akanichukulia kifuniko mkononi, akamwaga chai iliyobaki chini, akakikung'uta, akakirudisha kwenye chupa akakikaza sana.

Watu wakatoka mmoja mmoja. Kila aliyepita karibu yangu alinishika bega, na mikono yao yote ilikuwa na unyevu. Mkubwa alibaki nyuma, ameegemea nguzo. Tulipokuwa tumeshafika kwenye njia nilimsikia Afande akiuliza, kwa sauti yake ya siku zote.

"Nifunge, Mkubwa?"

Hatukugeuka kusikiliza jibu. Shemeji aliniongoza kwa kiwiko, akasema niangalie njia, kuna mashimo.